Mialoni myembamba kwenye barabara ya kanisa: itakubali Moshi?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Moshi. Binti yangu anasoma Ujerumani na amenitumia picha za barabara iliyopandwa mialoni myembamba, imesimama wima kama mishumaa, wala haitanui matawi. Kamati ya parokia imenikabidhi kazi ya kupendezesha barabara ya kuingilia kanisani, kama mita 200, pamoja na kibustani mbele ya ukumbi. Tupo upande wa chini wa mji. Kushoto kuna nguzo za umeme, kulia kuna mtaro na bomba la maji. Je, mialoni hiyo itakubali huku? Binti anaweza kunitumia mbegu? Na kama haikubali, nipande nini?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Nianze na jibu lenyewe ili mengine uyasome kwa utulivu: kwenye barabara hiyo usipande mialoni. Ingekuwa inakufa mara moja, ningesema jaribuni, hasara ni ndogo. Shida ni kwamba inaweza isife. Itadumaa, itatoa majani kidogo upande huu na upande ule hakuna, kamati itaendelea kuimwagilia miaka mitano kwa matumaini, na mwisho mtajikuta mnang'oa na kuanza upya.

Mti ulioko kwenye picha, kwa jinsi ulivyoueleza, ni mwaloni wa kawaida wa Ulaya, Quercus robur, wa aina iitwayo 'Fastigiata'. Mwaloni wa kawaida hutanua matawi hadi mti mmoja ukatosha kufunika kiwanja kizima. Huu matawi yake hupanda juu yakilifuata shina, kwa hiyo unaweza kupita mita 15 kwa urefu huku upana wake ukibaki mita 3 hadi 5. Umbo hilo halikutengenezwa na mtu. Huko Harreshausen, karibu na Babenhausen katika jimbo la Hessen, palikuwa na mwaloni uliojiotea ukiwa hivyo hivyo, na tangu karne ya 18 watunza bustani walichukua vikonyo vyake, yaani vijiti vichanga, wakavibebesha (wakaviunganisha) kwenye miche ya mialoni ya kawaida. Baadaye Waholanzi wakachagua mwembamba zaidi, 'Fastigiata Koster', ambao unapendwa sana na halmashauri za miji ya Ulaya kwa sababu unaingia penye nafasi finyu. Kuna na ndugu yake mfupi kutoka jamii ya mwaloni wa Marekani, Quercus palustris, uitwao 'Green Dwarf'. Huo hubebeshwa juu ya shina la mita 2 hivi, taji lake likawa duara linalokua polepole bila kudai mkasi kila mwaka.

Neno la kushika hapo ni kubebesha. Ni jambo lile lile linalofanyika kwa parachichi: ukipanda kokwa ya aina iitwayo Hass hupati Hass. Mbegu za mwaloni mwembamba zikiota, baadhi ya miche husimama wima kama mama yake, mingine hutanuka, mingine inakuwa katikati, si huku wala kule. Barabara yenye miti ya namna hiyo haitafanana na picha hata ingekuwa Frankfurt. Na huwezi kubebesha hapa, kwa sababu unahitaji kwanza miche ya mwaloni ya kubebea, tena ya jamii inayopatana na kikonyo. Mialoni ina tabia ya kukataana: kiungo kinaonekana kimeshika, mti unakua miaka kadhaa, kisha siku ya upepo unakatika palepale pa kiungo.

Sasa tuje kwenye hali ya hewa, maana ndiyo inayoamua kesi hii. Watu wengi hudhani mti wa Ulaya unashindwa huku kwa sababu ya joto. Joto lina sehemu yake, lakini kinachokosekana zaidi ni baridi, pamoja na mabadiliko ya urefu wa siku. Mwaloni wa Ujerumani huhesabu mwaka kwa vitu hivyo viwili. Kule Hessen mwezi Juni mchana unapita saa 16, na Desemba unashuka hadi karibu saa 8. Siku zikifupika mti unafunga vichipukizi vyake na kuangusha majani. Kisha vichipukizi vinakaa wiki nyingi kwenye baridi ya kukaribia barafu, na baridi hiyo ndiyo inayovifungua, ili joto la Aprili likija vyote viamke kwa pamoja. Moshi ipo nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka mzima haifiki nusu saa. Mji wenu uko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, na Julai yenu, mnayoiita kipindi cha baridi, kwa mwaloni ni hali ya kiangazi cha Ulaya. Kichipukizi kinafungwa na hakuna wa kukifungua. Tawi moja linaamka Machi, jingine Agosti, la juu halijaamka kabisa. Uzuri wote wa mti huu ni ule ukuta wa majani yaliyobanana kutoka chini hadi juu. Ukishakuwa na mapengo, umebaki fito zilizosimama.

Najua mtu kwenye kamati atasimama na kuuliza: mbona Abrahamu alikaa kwenye mialoni ya Mamre, na kule ni nchi ya jua? Ni hoja nzuri na msimcheke. Ila Hebroni iko juu milimani, zaidi ya mita 900, tena mbali sana na ikweta, na kipupwe chake kina mvua za baridi na miaka mingine theluji. Isitoshe mwaloni wa kule ni jamii nyingine, mdogo wa majani, usiopukutika wote kwa mara moja. Familia hii ni kubwa, ina jamii zinazokaribia 500, na zipo zinazostawi kwenye milima ya nchi za joto: Kolombia wana mwaloni wao, Quercus humboldtii, unaokaa na majani mwaka mzima. Afrika yetu, mialoni ya asili ipo kaskazini tu, kwenye nchi kama Moroko, Aljeria na Tunisia. Kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja uliojiotea.

Mtu mwingine atataja Afrika Kusini, na hapo pana somo. Stellenbosch, mji ulioanzishwa 1679, unajulikana kwa mialoni yake ya Ulaya, na ni kweli inapendeza. Lakini wao wako nyuzi 34 kusini, wana kipupwe cha kweli. Hata hivyo mialoni ya Cape hukua haraka kuliko ya Ulaya, mbao yake ikawa dhaifu, na mingi huoza moyo mapema. Halafu mwaka 2017 kule Pietermaritzburg akagundulika mdudu mdogo wa mti kutoka Asia, urefu wake kama milimita 2, anayetoboa shina na kupanda kuvu ndani yake ili apate chakula. Kuvu huyo huziba mishipa ya maji ya mti. Mwaloni wa Ulaya ni miongoni mwa miti anayozaliana vizuri ndani yake, na miji kama George na Somerset West imepoteza miti mingi iliyokuwa imekaa vizazi. Mdudu huyo haogopi parachichi pia. Kwa mkoa wenye parachichi kama Kilimanjaro, sioni sababu ya kumwandalia makao.

Hilo linanipeleka kwenye mbegu za binti. Tafadhali mwambie asizitie kwenye begi. Kuingiza mmea au mbegu nchini kunahitaji kibali kinachoombwa kabla, na cheti cha afya ya mmea kutoka nchi inakotoka. Wenye mamlaka hiyo ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na makao yake makuu hayako mbali nanyi, ni Ngaramtoni, Arusha. Mkaguzi akiikuta mbegu bila karatasi ataichukua, na atakuwa amefanya kazi yake. Mbegu za mwaloni mara nyingi huwa na funza ndani. Kwa nje ganda ni zima, linang'aa, wala hutajua. Zaidi ya hayo mbegu hizi hazivumilii kukauka. Mahindi unayakausha ndipo yanatunzika. Hii ukiikausha umeiua. Wiki chache kwenye bahasha zinatosha, na utakachopanda Moshi kitakuwa ganda tu.

Udongo nao nisiuruke, ingawa sitakaa hapo sana. Upande wa chini wa Moshi yapo maeneo yenye udongo wa magadi, mvua ikikauka unaona weupe juu ya ardhi. Ule mwaloni wa taji la duara ndio usiojaribiwa kabisa mahali kama hapo: unataka udongo wenye tindikali, na ukikosa huwa na majani ya manjano yenye mishipa ya kijani, kwa sababu mizizi inashindwa kunyonya chuma. Kabla ya kupanda mti wowote pelekeni udongo upimwe. Chimbeni sehemu tatu nne kando ya barabara, kina cha sentimita 30, mchanganye, na mchukue kilo moja. Vituo vya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, vinafanya vipimo hivyo.

Kama wewe binafsi, Mwalimu, umeupenda mwaloni na unataka mmoja wa kuutazama, si wa barabara, basi uwe juu huko, Machame ya juu au upande wa Olmotonyi kwenye mteremko wa Meru, penye ubaridi na udongo mzuri wa msitu, na upatikane kwa njia halali ukiwa mche uliobebeshwa tayari. Hata huko utakuwa mti wa kusimulia, si wa kutegemea.

Haya, nipande nini? Hapa ndipo kamati nyingi zinapokosea, zinaanza na jina la mti. Anzeni na kamba ya kupimia. Pimeni kutoka ukingo wa barabara hadi ukingo wa mtaro, kutoka shina litakaposimama hadi bomba, na kutoka ardhini hadi waya wa chini kabisa. Andikeni hizo namba tatu. Kinachowavutia kwenye picha ya binti si mwaloni kwa kweli, ni mti uliokubali kukaa kwenye nafasi yake.

Upande wa kulia, wenye mtaro, mimi ningeweka mtalawanda, Markhamia lutea. Ni mti wetu wa Afrika Mashariki, ukienda Kagera utaukuta kwenye migomba. Hukua wima, taji lake ni jembamba, mzizi wake mkuu huenda chini badala ya kutambaa, hufika mita 10 hadi 15, na hutoa maua ya manjano makubwa yenye michirizi myekundu kooni. Ukiukata unachipua, na hilo kwa miti ya barabarani ni sifa kubwa, maana siku lori litakapovunja tawi au shina, na litavunja, hujapoteza mti. Kasoro yake ni kwamba unapenda mvua kuliko mnayopata huko chini, kwa hiyo lazima umwagiliwe viangazi viwili vya mwanzo. Kasoro ya pili, hupenda kutoa mashina mengi. Kila mwaka bakiza moja lililonyooka, mengine yaondoe yakiwa bado machanga. Kama kipimo cha udongo kitasema pH (namba inayoonyesha tindikali au magadi) imepita 8.5, sahau mtalawanda, pandeni mwarobaini na mkubali kuupunguza matawi.

Mtu atapendekeza ashoki, ile miti mirefu yenye majani yaliyolala kuelekea chini. Ni kweli ndiyo inayofanana zaidi na picha, na joto la Moshi inaliweza. Mimi ningeweka miwili langoni, basi. Ashoki haina kivuli. Akina mama wanaotembea kutoka misa ya pili saa tano na nusu, jua la Februari, mita 200, hawatawashukuru kwa nguzo za kijani. Jakaranda nayo itatajwa, hasa na waliokaa Arusha: ni nzuri Oktoba, lakini inatanuka sana na haifai kukaa juu ya mtaro wenu. Msonobari na mkaratusi, hapana. Na ule mti wa maua ya manjano, Senna spectabilis, unaoota haraka na kupendwa na wenye vitalu, ukatazeni. Unasambaa wenyewe na umeshasumbua hifadhi ya Mahale.

Upande wa umeme kanuni ni moja: usipande chini ya waya mti utakaopita mita 5. Mkipanda mrefu, mafundi wa umeme watakuja na panga na kuukata kichwa, na watakuwa na haki. Wekeni kalistemoni, ule mti mdogo wenye maua mekundu ya nyuzinyuzi yaliyokizunguka kijiti, kwa nafasi ya mita 5. Ndege wa chozi wanayafuata maua yake asubuhi nzima. Penye nguzo yenyewe acheni wazi, fundi anahitaji mahali pa kusimamisha ngazi.

Kibustani cha mbele ya ukumbi kipeni mti mmoja tu: mringaringa, Cordia africana. Wachagga wameupanda vihambani tangu zamani kuukinga mbuni na jua, kwa hiyo hakuna atakayeuliza umetoka wapi. Unatanua, unatoa maua meupe yanayojaza nyuki, na hupukutisha majani, kwa hiyo mtakuwa na cha kufagia. Uwe mita 7 kutoka ukutani, si chini ya hapo. Mtaona nafasi imebaki kubwa mno na mtatamani kujaza miti mingine mitatu. Msijaze, wekeni benchi.

Kuhusu miche, nenda mwenyewe kitaluni, usimtume kijana wa pikipiki. Mita 200 kwa nafasi ya mita 6 ni miche 34 upande wa mtalawanda, nunueni 40. Chagua yenye urefu wa goti hadi kiunoni, yenye ncha moja nzima. Kisha mwombe mwenye kitalu akuchanie kiriba kimoja mbele yako. Tazama chini kabisa. Mizizi myembamba myeupe iliyoanza kugusa chini ni sawa. Ukiona mzizi mkuu umefika chini, umekosa pa kwenda na kujizungusha mara mbili tatu, mnene kuliko kidole chako kidogo, mche huo umekaa kitaluni muda mrefu mno. Utaupanda, utaota, utapendeza miaka minne, halafu mzizi huo utajinyonga wenyewe na mti utalala wakati wa mvua kubwa. Uache hapohapo hata ukipewa bure. Ule uliojizungusha kidogo tu, siku ya kupanda kata sentimita 2 za chini kwa wembe mkali, udongo na mizizi pamoja, na pasua wima pembeni mara mbili kina cha ukucha. Watu wataona unauumiza. Endelea.

Mashimo yachimbwe mwezi mmoja kabla, sentimita 60 kwa 60 kwa 60, udongo wa juu ukiwekwa pembeni peke yake ili ndio urudi chini na ndoo moja ya samadi iliyooza. Pandeni mvua za masika zikishalowesha ardhi hadi kina cha mkono. Mpeni kila mche kigingi na mfungie kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, msitumie waya, maana waya unakata gamba. Baada ya masika, lita 20 kwa mara moja, mara mbili kwa wiki, zinafaa kuliko kikombe kila siku. Maji ya juujuu hufundisha mizizi kubaki juu. Wekeni nyasi kavu au majani ya migomba kuzunguka shina, lakini yasiliguse.

Maadui wenu wa kweli hawatakuwa wadudu. Watakuwa mbuzi, moto wa takataka zinazochomwa chini ya mti Jumamosi, na yule kijana wa kufyeka nyasi kwa mashine. Ile kamba ya mashine ikipiga gamba la mti mchanga kwa kuzunguka mara tatu, mti umekwisha, hata kama majani yatabaki ya kijani kwa mwezi mzima. Duara la mita moja kila mti lisiwe na nyasi za kufyekwa kabisa, na zinazoota zing'olewe kwa mkono.

Ukitaka binti achangie kutoka Ujerumani, mwambie alete mkasi mzuri wa kupogolea na msumeno wa mkono unaokunjwa, wa kukatia matawi mabichi. Hivyo havihitaji kibali, na kuanzia mwaka wa pili mtavitumia kila msimu.